Prosesa na GPU ndani ya chipu moja: nani alimnunua nani, na ilimgharimu nini

(Hii ni hotuba niliyotoa kwa wanafunzi wa IT na mafundi wa kompyuta. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, nimetoa tu sehemu umeme ulipokatika na kipaza sauti kikagoma.)

Habari za mchana ndugu zangu. Asanteni kunialika, na poleni mliosimama huko nyuma, viti vimeisha ila maneno yapo.

Nianze na swali nililopigwa hata kabla sijaingia mlangoni: "Kaka, kwani Nvidia si alishamnunua Intel?" Jibu ni hapana, Nvidia wa kadi za grafiksi hajamnunua Intel wa prosesa. Kilichotokea ni kwamba Septemba 2025 Nvidia alitangaza anaweka dola bilioni 5 ndani ya Intel, kwa bei ya dola 23.28 kwa hisa moja, na kwa mzigo huo anapata kama asilimia 4 hivi ya kampuni. Asilimia 4 haikupi hata ufunguo wa choo cha wakurugenzi. Ila mwezi mmoja kabla, serikali ya Marekani nayo ilikuwa imechukua karibu asilimia 10 ya Intel hiyo hiyo, kwa hiyo habari zikachanganyika, huku serikali, huku Nvidia, huku Intel anahema, basi mitandaoni ikawa imeshauzwa.

Lakini simlaumu aliyeuliza, maana kwenye dili hilo kuna kipengele kizito kuliko hizo hela. Walikubaliana Intel atatengeneza chipu za kompyuta za kawaida, prosesa (CPU, ubongo wa mashine) ni ya Intel, ila upande wa grafiksi (GPU, inayochora picha) umekaa kipande cha RTX, yaani GPU ya Nvidia, humo humo ndani. Yaani wapinzani wa miaka yote, waliofikishana mpaka mahakamani mwaka 2009 kisa leseni za chipseti (chipu za kwenye bodi zinazounganisha prosesa na vifaa vingine), na Intel akaishia kukubali kumlipa Nvidia dola bilioni 1.5 Januari 2011, leo wamekubaliana kukaa kwenye pakiti moja. Sasa ili uelewe kwa nini wamefanya hivyo na siyo kununuana kabisa, inabidi turudi 2006 tumuangalie AMD, mpinzani wa Intel kwenye prosesa, maana yeye alinunua kweli kweli na nusura imuue.

Ila kwanza, kwa nini mtu atake kuziunganisha hizi? Mafundi hapa mnalijua hili hata kama hamjawahi kuliita kwa jina lake. Mteja analeta laptopu ya AMD, imeandikwa RAM GB 8, anafungua Windows anakuta inasema zinazotumika ni GB 6 na pointi kadhaa. Anakuja juu, "fundi umeniibia RAM." (Naona mnacheka, wengine bado yana maumivu.) Hujaiba, ni kwamba grafiksi iliyo ndani ya prosesa haina memori yake, imekata kipande cha RAM ya mashine ikajiwekea. Na ndo maana ukitoa kijiti kimoja cha GB 8 ukaweka viwili vya GB 4, jumla ni ile ile lakini gemu inabadilika kabisa, mteja anadhani umemuwekea kadi mpya, kumbe umefungua tu njia ya pili ya memori na GPU ilikuwa inakufa kiu hapo.

Kadi ya grafiksi ya pembeni haina shida hiyo kwa sababu ina memori yake yenye kasi. Ila ina shida nyingine. Chukulia mafundi cherehani wawili wanashona suti moja, kila mmoja ana duka lake na stoo yake ng'ambo ya barabara, kila kitambaa kikihitajika upande wa pili kinabebwa, kinavushwa, kinarudishwa. Wote wawili wana mikono mepesi ila siku inaishia barabarani. CPU na GPU zenye memori mbili ndo zinaishi hivyo, data inanakiliwa huku, inapita kwenye bodi, inanakiliwa kule. Ukiwaweka chumba kimoja na stoo moja, barabara imekufa. Hiyo ndo ndoto, na ni ndoto ya zamani.

Halafu kuna sababu ya hela, na nadhani kwa wakubwa ndo ilikuwa na nguvu zaidi. Mwaka 2006 aliyekuwa anauza grafiksi nyingi kuliko wote duniani kwa idadi hakuwa Nvidia wala ATI, alikuwa Intel, na zile grafiksi zake mbovu za kwenye chipseti. Mbovu ndiyo, ila zilikuja na bodi, na mtu wa ofisini anayefungua Excel hana habari na kadi ya pembeni. AMD hakuwa na grafiksi yake mwenyewe, alitegemea chipseti za Nvidia na ATI. Kila Intel akienda kwa Dell au HP na kifurushi kizima, AMD anaenda na prosesa tupu mkononi.

Basi AMD akaamua kununua. Na hapa kuna umbea, umeripotiwa sana ingawa ni wa ndani ya vyumba vyao: inasemekana AMD aliongea na Nvidia kwanza, ikakwama kwa sababu Jensen Huang, bosi wa Nvidia, alitaka yeye ndo awe bosi wa kampuni itakayozaliwa, na Hector Ruiz aliyekuwa bosi wa AMD hakuwa tayari kuachia kiti. Wakahamia kwa ATI, kampuni ya Canada pale Markham, Ontario, iliyoanzishwa 1985, wenye kadi za Radeon.

Tarehe 24 Julai 2006 wakatangaza. Dola bilioni 5.4, kati ya hizo taslimu kama bilioni 4.2 na zilizobaki hisa. AMD hakuwa na taslimu ya namna hiyo jamani, akakopa dola bilioni 2.5 benki. Sasa fuatilia kalenda. Siku tatu baadae, tarehe 27 Julai, Intel anatoa prosesa ya Core 2 Duo. Nyie wadogo hamkumbuki ile ilikuwa nini, AMD alikuwa ameshika usukani tangu Athlon 64 ya mwaka 2003, ghafla kwa wiki moja prosesa zake zote zikawa za kizamani na ikabidi akate bei. Kwa hiyo mkopo mpya begani na mapato yanashuka. Oktoba 25 dili likafungwa rasmi. Wiki mbili mbele, Novemba 8, Nvidia anatoa kadi ya GeForce 8800 GTX, na ndani yake ndo kuna mizizi ya CUDA (mfumo wake wa kutumia GPU kwa mahesabu mengine, siyo picha tu), na Radeon ya kumjibu ikachelewa mpaka Mei 2007 na ilipofika ilikuwa inakula umeme na haimgusi. Yaani ukinunua nyumba, wiki ya kwanza paa linang'oka na ya pili msingi unapasuka, hata kama wewe ni jasiri utakaa chini.

Na bado sijasema shida yenyewe. Shida yenyewe ilikuwa viwanda.

Hii sehemu watu wa biashara huwa wanaipita haraka wakisimulia, mimi naomba mniruhusu nikae hapa. AMD wakati ule alikuwa na viwanda vyake kule Dresden, Ujerumani, na prosesa zake zilitengenezwa kwa teknolojia inaitwa SOI, wafer (kisahani cha silikoni kinachokatwa chipu) yenye tabaka la kuhami umeme chini ya transista. Wahandisi wake walikuwa wanachora saketi muhimu kwa mkono, wanabana kila pikosekunde mpaka ifike gigahezi wanazotaka. ATI hakuwa na kiwanda hata kimoja, alikuwa anapeleka dizaini Taiwan kwa TSMC, mwenye viwanda vya kutengenezea wengine chipu, kwenye wafer za kawaida, na dizaini zake zilitolewa na programu kwa sehemu kubwa, maana GPU ni kipande kile kile kinarudiwa mara mia, huhitaji kasi ya ajabu kwa kila kimoja, unahitaji vingi na vitoke kwa wakati. Kwa hiyo umenunua kampuni, umebadilisha vibao mlangoni, umewapa wafanyakazi beji mpya, lakini GPU ya Markham haiwezi kuwekwa kwenye silikoni ya Dresden bila kuichora upya karibu yote. Waliahidi chipu ya pamoja, wakaipa jina Fusion, wakasema itakuja ndani ya miaka miwili mitatu. Ilikuja Januari 2011.

Na angalieni ilikujaje. Chipu ya kwanza kutoka siyo ile kubwa ya Dresden, ni kadogo ka laptopu ndogo, E-350 na ndugu zake, na kalitengenezwa TSMC. Prosesa yake, Bobcat, ilidizainiwa makusudi iwe nyepesi na iweze kutolewa na programu, kwa staili ya watu wa grafiksi. Yaani aliyenunua ndo akahamia kwa aliyenunuliwa. Ile ya Dresden, Llano, ikafuata katikati ya mwaka huo. Mimi hapo ndo naona jibu la swali zima la kampuni kuungana, kwa sababu saini waliweka 2006 lakini muungano wenyewe ulifanyika siku mtu alipokubali kuacha namna yake ya kuchora saketi, na hiyo ikachukua zaidi ya miaka minne.

Katikati hapo damu ilimwagika. Mwaka 2007 peke yake AMD alipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 3, na sehemu kubwa ilikuwa kukiri vitabuni kwamba ATI haina thamani waliyoilipia. Prosesa yao ya Barcelona ikatoka mwaka huo huo na kasoro. Ruiz akaachia kiti 2008. Viwanda vyenyewe vya Dresden wakavitenga 2009 vikawa GlobalFoundries, kwa hela za Abu Dhabi, na kusema kweli bila hela ile ya Waarabu sijui kama leo tungekuwa tunaongelea Ryzen, prosesa za AMD za siku hizi. Na wakaanza kuuza vitu vya ndani. Januari 2009 wakamuuzia Qualcomm kitengo cha grafiksi za simu cha ATI kwa dola milioni 65. Milioni, siyo bilioni. Mwenye simu ya Snapdragon hapa anyooshe mkono... haya, naona ni wengi, GPU ya kwenye hiyo simu inaitwa Adreno na huo ndo ukoo wake. Simu janja zilikuwa ndo kwanza zinaanza kukimbia na wao wanauza. Mimi siwezi kuwacheka sana, mwenye deni anauza kinachouzika, lakini hii inauma kuliko zote.

Kilichowaokoa kwa upande wa grafiksi ni gemu. Novemba 2013 ikatoka PlayStation 4, wiki moja baadae Xbox One, na zote mbili zina chipu ya AMD. Sony na Microsoft ni mahasimu lakini wote waligonga mlango mmoja, kwa sababu AMD peke yake ndo alikuwa na prosesa ya x86 (aina ile ya kompyuta za kawaida) na GPU nzito anaweza kuzipa kwenye kipande kimoja cha silikoni kwa bei ya konsoli. Intel alikuwa na prosesa, grafiksi nzito hana. Nvidia alikuwa na grafiksi, x86 hana. Na PS4 waliiwekea GB 8 za GDDR5, memori ya kasi ya kadi za grafiksi, stoo moja CPU na GPU wanachota pamoja. Kwa hiyo ile mashine iliyokaa kwenye vibanda vya PS kuanzia Mbagala mpaka Kisumu, vijana wanalipia mechi na kutoana jasho, ndo Fusion yenyewe ile waliyoiahidi, imefika ila kwa mlango wa nyuma. Zimeuzwa zaidi ya milioni 117.

Hata hivyo hela za konsoli ni nyembamba, na prosesa zao za Bulldozer zilizotoka 2011 zilikuwa dhaifu, basi 2015 hisa ya AMD ilishuka chini ya dola 2. Miaka tisa baada ya kununua! Lisa Su, bosi wa AMD, alikuwa ndo kwanza ana mwaka mmoja kwenye kiti. Mwisho wa mwaka huo wakaacha kutoa draiva mpya za kawaida kwa grafiksi zote za kabla ya GCN (muundo wao mpya wa GPU), kwa hiyo zile prosesa za A4 na A6 za mwanzo ambazo mnazikuta Kariakoo mpaka leo, ukimuuzia mtu kwa maneno ya "ina Radeon ndani" mwambie na hilo, usimfiche.

Sasa wengine walijaribuje? Intel alijaribu kujenga mwenyewe, mradi wake wa Larrabee akaufuta Desemba 2009 kabla haujafika dukani kama kadi ya grafiksi, akaja kurudi na kadi za Arc mwaka 2022. Nvidia akajaribu kununua upande wa prosesa: Septemba 2020 akatangaza anamchukua Arm kutoka kwa mwenye nayo, SoftBank, kwa dola bilioni 40. Hili lilikuwa balaa lingine kabisa maana Arm hauzi chipu, anauza leseni za dizaini kwa karibu kila mtengeneza simu duniani, pamoja na washindani wa Nvidia. Apple, Qualcomm, Samsung, wote wanakula hapo. Utakubali vipi mshindani wako awe ndo mwenye kukukodishia jiko? Waingereza wakachunguza, Ulaya wakachunguza, na Desemba 2021 tume ya biashara ya Marekani ikafungua kesi kupinga. Februari 2022 dili likafa, na SoftBank akabaki na dola bilioni 1.25 za malipo ya awali. Hela ya bure kabisa ile.

Na kwa nini Nvidia asimnunue tu AMD au Intel? Ukiacha wasimamizi wa ushindani, kuna karatasi moja watu wengi hawaijui. AMD na Intel wana mkataba wa kuachiana hataza za x86, waliusaini upya Novemba 2009 siku Intel alipolipa dola bilioni 1.25 kumaliza kesi zao. Mkataba ule unasema mmoja wao akinunuliwa na kampuni nyingine, unakatika. Yaani unanunua kampuni kwa mabilioni halafu siku ya kukabidhiwa, kile kilichokufanya uitake kinakuwa na mgogoro, inabidi ukae tena mezani na mpinzani wako umuombe. Karatasi hiyo imelinda hizi kampuni mbili zisimezwe kuliko sheria yoyote.

Ila kitu kikubwa zaidi kimebadilika, ni chipleti. Zamani kuunganisha kulimaanisha silikoni moja, kwa hiyo kiwanda kimoja, kwa hiyo dizaini moja, kwa hiyo bora uwe kampuni moja. Siku hizi unatengeneza vipande, hiki kimetoka kiwanda hiki na kile kiwanda kile, unavipanga kwenye pakiti moja na kuvifunga kwa nyaya ndogo sana. Intel alishaonja hili mwaka 2018, alitoa prosesa yenye GPU ya Radeon Vega ndani, kutoka kwa AMD, mshindani wake! Haikudumu, waliiua haraka na walioinunua wakabaki wanazungushwa kwenye masuala ya draiva, Intel au AMD nani wa kumuuliza. Hilo nalo mliweke akilini mkianza kuona laptopu za Intel zenye RTX ndani, ulizeni mapema draiva anatoa nani na kwa muda gani.

AMD mwenyewe ameshaenda mbali kwenye njia hiyo. Supakompyuta ya El Capitan kule California, iliyoshika namba moja duniani Novemba 2024, inatumia chipu inayoitwa MI300A, vipande vitatu vya prosesa, sita vya GPU, na GB 128 za HBM3, memori ya kasi sana, wanayochangia wote bila kuvushiana chochote. Ndo ahadi ya 2006 kwa ukubwa ambao hata Ruiz sidhani kama aliuwaza, na upande wa GPU una asili yake kule Markham.

Kwa hiyo Nvidia na Intel wakisema tunaweka kipande chako na kipande changu, kila mtu abaki na kampuni yake, mimi naona wamesoma mahesabu. Hawahitaji kuhamishana viwanda, leseni ya x86 haiguswi, na wasimamizi hawana ndoa ya kuzuia. Wasiwasi wangu uko kwenye bei tu. Kadi za pembeni wauzaji wa maana ni Nvidia na AMD, Intel ndo alikuwa anajitutumua kuwa wa tatu na Arc za bei ya chini, sasa mtu akishakuwa na RTX ndani ya chipu zake, huo moyo wa kuendelea kuhangaika na Arc atautoa wapi? Wamesema wataendelea. Haya, tutaona.

Na kama mnataka kuona tofauti ya kununua zamani na kununua sasa hivi, mwangalieni AMD huyo huyo alipomnunua Xilinx, kampuni nyingine ya chipu. Alitangaza Oktoba 2020, likafungwa Februari 2022, thamani ilishapanda mpaka kama dola bilioni 49, mara tisa ya ATI. Safari hii alilipa kwa hisa, hakukopa ili anunue. Na Xilinx alikuwa anatengenezea TSMC, AMD naye alishahamia TSMC. Mwaka 2023 ikatoka Ryzen 7040 ya laptopu, na ndani yake imo injini ya AI iliyotokana na Xilinx. Mwaka mmoja na kitu tu, wakati ATI ilichukua zaidi ya minne.

Haya, nimeongea sana, mwenye swali alete. Ila swali la kadi ipi ununue kwa gemu naomba muniulize nje.